Skrini Ilisema Tatu

Dada yangu mkubwa alikwenda kupimwa macho bila kuniambia. Shemeji, mume wake, ndiye aliyenitonya nikiwa bado mlangoni navua viatu.

"Usimwulize," alininong'oneza. "Kaambiwa macho yake mazima. Ndicho kilichomliza."

Nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Huyu ndiye mwanamke aliyenilea. Nilipoacha shule kabla hata sauti haijawa nzito, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi redio na kumwambia, huyu kichwa hana cha darasani lakini mikono anayo, mfundishe. Huko ndiko nilikoanzia umeme, nikaja kuangukia kwenye kompyuta. Yeye alibaki kwenye boila. Ameendesha boila za kiwanda cha sabuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na sijawahi kumwona akibabaika mbele ya mtambo.

"Kama macho ni mazima," alisema bila kugeuka, "basi ni kichwa. Iliandikwa mbili nikaona tatu. Watu wanazeeka, mdogo wangu."

"Uliona tatu kwa sababu iliandikwa tatu."

"Wewe hukuwepo."

"Nawajua walioiandika programu ile."

"Si ni nyinyi?" akasema, akaendelea kusugua.

Nilitoka pale damu inanichemka. Angekuwa amekasirika ningepumua. Lakini alikuwa ameanza kuwaamini waliosema kaona vibaya.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda kina boila tatu za kuchemshia sabuni. Mwendesha boila hukaa chumba cha pembeni, mbele ya skrini. Boila ikileta matata king'ora hulia, skrini huandika ni boila ipi na ina nini, na yeye huikata moto. Siku ile king'ora kililia, dada akatazama skrini, akakata moto wa boila ya tatu. Ya tatu haikuwa na shida yoyote. Presha ilikuwa inapanda kwenye ya pili, na kiungo kimoja cha bomba lake kilikuwa chakavu. Hakikusubiri vali ya usalama ifunguke. Kikapasuka wakati fundi bomba anapita, na mvuke ukambabua mkono, bega na upande wa shingo. Yu hai. Mkewe alifika hadi getini kwa dada akamwita muuaji, majirani wote wakisikiliza.

Kiwanda kikamsimamisha kazi na kuitisha kikao cha nidhamu. Wakimkuta na hatia, ananyang'anywa leseni ya boila. Bila leseni ile hakuna kiwanda kitakachomkaribisha hata kufagia karibu na boila. Na kila aliyeulizwa alisema lile lile: programu haikosei, mama kasoma vibaya.

Programu yenyewe ni ya ofisi yetu.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Bosi ndiye aliyeandika toleo la kwanza kwa mkono wake, na hakubali usahau. Halafu niko mimi, na mwanamke tunayemwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha chuo kabla hajachoka na chuo. Bosi aliniona ninavyoingia, akainua kiganja kama askari wa barabarani.

"Hii kazi kaa nayo mbali. Ni dada yako. Watasema tumepindisha."

"Msipoangalia ndipo mtakuwa mmepindisha."

"Tuangalie nini? Imejaribiwa. Haijawahi hata kukohoa."

"Basi tuikohoze."

"Bwana, una kazi zako mezani."

"Ninazo," nikasema, nikazisukuma zote pembeni mbele ya macho yake. Mwalimu alivuta kiti chake kuja kwangu. Bosi akatutazama, akaenda kupiga simu ambayo nadhani haikuwa na mtu upande wa pili.

Nieleze kidogo, maana bila hili hasira yangu itaonekana ya bure. Programu ile imeandikwa kwa lugha ya C. Lugha hii haikulei. Ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unaiomba. Ukimaliza, unairudisha mwenyewe, na ikisharudi hupewa mwingine. Ichukulie kama nyumba ya wageni. Mgeni kaondoka, ufunguo umerudi mezani, mgeni mwingine kaingia chumba kile kile. Sasa kuna mhudumu alitumwa aandike habari za mgeni wa kwanza. Kaandika jina, na kabla hajauliza shida yake, mgeni kaondolewa na mwingine kakaa kitandani. Mhudumu hainui uso. Anaendelea kuandika. Mwisho wake ana jina la mtu mmoja na ugonjwa wa mtu mwingine, na anaipeleka habari hiyo kwa daktari akiwa hana wasiwasi wowote.

Kinachozuia hilo ni kufuli. Ndani ya programu kuna nyuzi kadhaa, ndivyo tunavyoziita, yaani kazi zinazokimbia kwa pamoja: uzi wa kusoma boila, uzi wa skrini, uzi wa vitufe. Uzi mmoja ukitaka kugusa kitu cha pamoja, unafunga kufuli, unafanya yake, unafungua. Wengine wanangoja. Ukisahau kufuli mahali pamoja tu, programu inaweza kwenda miezi bila kukuumbua. Halafu siku moja nyuzi mbili zinakutana mlangoni.

Niliamini hicho ndicho kilichompata dada. Kuamini si kitu. Tuliweka programu kwenye meza ya majaribio pamoja na kijiprogramu kinachoigiza boila, tukaanza kuitesa. Maonyo yalimiminika, sisi tukibonyeza vitufe. Haikukosea. Bosi alipita na kikombe chake cha chai.

"Mnatafuta mchawi?"

"Tukimpata utakuwa wa kwanza kuarifiwa," nikamjibu.

Mwalimu aliweka kidevu mkononi. "Hii tunayoitesa," akasema, "ndiyo iliyoko kiwandani?"

"Si ndiyo hii hii."

"Umehakikisha, au unasema tu?"

Nilikuwa nasema tu. Alizichukua zote mbili, ya kwetu na ile aliyokwenda kuipakia kiwandani, akazilinganisha. Zilitofautiana mstari mmoja. Kwenye yetu ulikuwepo, kwenye ya kiwandani ulikuwa umefutwa. Mstari wenyewe kazi yake ni kuchapa maneno mawili: *nimefika hapa*.

Kila mtu wa kazi hii anaujua mstari huo. Ukipotea ndani ya programu unapanda mistari ya kelele ili ujue umefika wapi. Nimefika hapa. Na hapa pia. Mbona huku. Wengine huandika matusi. Ukishapata ulichotafuta unafagia, kwa sababu mteja akija kutazama hutaki akute uchafu wa jikoni sebuleni.

"Mstari wa kuchapa hauwezi kuwa na kosa," nikasema.

"Sijasema una kosa. Ufute tuone."

Tukaufuta. Tukaanza upya. Jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili, na kidole changu kimeanza kuuma kwa kubonyeza, pale skrini ilipoandika: BOILA 3, PRESHA IMEZIDI. Kijiprogramu chetu kilikuwa kimetuma boila ya 2.

Nilipiga meza kwa ngumi hadi wa duka la magodoro wakatugongea dari kwa ufagio.

Ilikuwa vile vile kama kwa mhudumu wa nyumba ya wageni. Uzi wa skrini ulikuwa unachora onyo la zamani la boila ya tatu, jambo dogo la maji kupungua. Ukachora jina. Uzi wa vitufe ukaliondoa onyo lile na kurudisha nafasi yake. Onyo jipya la boila ya pili likapewa nafasi ile ile. Uzi wa skrini ukaendelea na sentensi yake: jina la ya tatu, ugonjwa wa ya pili. Ukimaliza kuchora unajiandikia kwamba hakuna jipya, kwa hiyo uongo unabaki pale, mkubwa, mwekundu. Na mstari wa *nimefika hapa* ulikuwa umekaa kwenye njia ya uzi wa vitufe. Kuchapa kwa kompyuta ni safari, ni kama kwenda sokoni na kurudi. Uzi wa vitufe ukiwa sokoni, wa skrini unamaliza kuchora salama. Pale pangetakiwa kufuli, na mstari wa kelele ndio uliokuwa ukifanya kazi ya kufuli bila mtu kuujua.

"Nani aliuweka?" nikauliza.

Mwalimu alikuwa ameshaangalia. "Bosi."

"Na aliyeufuta?"

Akanionyesha mlango wa Bosi kwa kidevu.

Nilimkuta Bosi kwenye chumba chake, nikafunga mlango kwa mguu. Sikumwacha akae vizuri. Nilimwambia tulichoona. Nilitegemea abishe, nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Hakubisha.

"Iliwahi kunichezea hivyo mwanzoni," akasema. "Jina la boila moja, onyo la nyingine. Nikaweka mstari nitafute. Tatizo likaacha. Sasa ningetafuta nini kisichoonekana?"

"Ungetafuta kwa nini kimeacha!"

"Mteja alikuwa anasubiri. Wewe hujui presha ya mteja."

"Presha? Wewe unanieleza mimi habari za presha?"

"Punguza sauti."

"Halafu ukaufuta."

"Mistari ile inatia aibu mtu akiiona. Nilipokuwa nasafisha sikukumbuka kwamba ule..." Akaanza kupanga kalamu zake.

"Kuna mtu shingo yake imebabuka," nikasema. "Kuna mama wa watu anazunguka kwa madaktari wa macho. Na wewe unaona aibu ya mstari."

Akavuta pumzi, akarudi kwenye ubosi wake. "Sikiliza. Irekebishe. Upesi, kabla ya kikao. Nenda kaipakie kiwandani, tutasema ni maboresho ya kawaida. Dada yako nitamwombea nafasi kwa jamaa yangu mwenye kiwanda."

"Kwenye boila?"

"Kwenye kufungasha."

Nilitaka kumrukia. Sijisifu, nasema ukweli: niliangalia shingo yake na nikapima. Kilichonizuia ni Mwalimu, aliyefungua mlango na kusema tunahitajika mezani, ingawa hakuna aliyetuhitaji.

"Umemwelewa?" aliniuliza tulipokaa. "Ukipakia mpya kabla ya kikao, ya zamani inaondoka kiwandani. Atasimama mbele yao aseme programu yenu haina tatizo, na atakuwa anasema kweli."

"Nimemwelewa."

"Na usipopakia?"

Usipopakia, kwenye kiti cha dada amekaa mama mwingine wa zamu, mwenye mapacha, anaiamini skrini ile kama dada alivyoiamini. Mvuke haungojei kikao. Nilimlaani Bosi mara ya pili, kwa kuniweka mahali ambapo kufanya kazi yangu vizuri ni kumsaidia yeye. Kisha nikaanza kurekebisha.

Niliifanya kwa hasira, na hasira haiandiki C. Niliweka kufuli kwenye njia ya vitufe: uzi wa vitufe ufunge kwanza orodha ya maonyo, halafu ufunge skrini, ndipo uondoe kitu. Nikaiwasha. Ikaenda vizuri, halafu ikaganda. Haikulia wala haikuanguka. Skrini ilibaki imeandika HALI NI YA KAWAIDA kwa kijani, na chini yake boila zote tatu za kuigiza zinapiga kelele.

"Umeifanya mbaya zaidi ya alivyoifanya yeye," Mwalimu akasema.

"Naona."

"Huoni. Uzi wa skrini unaanza na kufuli la skrini, ndipo unaomba la orodha. Wako unaanza na la orodha, ndipo unaomba la skrini. Mmoja kashika sufuria, mwingine kashika jiko, na kila mmoja anasema sitoi mpaka unipe. Watalala njaa wote wawili."

Alikuwa sahihi, na sikupenda, na nilimwambia sikupenda. Akacheka. Tuliweka sheria moja kwa programu nzima: orodha kwanza, skrini baadaye, kila uzi, kila mahali, hakuna wa kurukia. Kisha nikaacha kuuamini uzi wa skrini na vitu vya watu. Badala ya kuchungulia onyo likiwa chumbani mwake, unafunga kufuli la orodha, unanakili onyo zima, unafungua, ndipo unakwenda kuchora nakala yako bila haraka. Mgeni akiondolewa nyuma yako, shauri yake. Tukaitesa tena, tukaifutia kila mstari wa kelele, haikudanganya na haikuganda.

Nilikwenda kiwandani mwenyewe kuipakia. Mama wa mapacha aliniuliza kuna nini. Nikamwambia, sasa inasema kweli. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, akauliza, "Kwani zamani ilikuwa inasema nini?"

Ya zamani niliibakiza kwenye kompyuta mpakato yangu.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha mikutano cha kiwanda, chenye meza ndefu na harufu ya sabuni iliyoingia hadi kwenye mapazia. Meneja wa kiwanda alikaa kichwani. Fundi bomba alikuja na bandeji hadi sikioni, akakaa upande wa mbali na dada, akiangalia ukuta. Bosi alikaa karibu na meneja na tai yake. Dada alivaa gauni lake la misibani. Mimi niliruhusiwa kuwa ndugu wa kumsindikiza, nikaambiwa nikae kimya.

Bosi alizungumza vizuri, namsifia. Alisema programu iliyoko kiwandani imekaguliwa, inafanya kazi bila dosari, na anaalika mtu yeyote aijaribu. Meneja akatikisa kichwa kukubali.

"Mama," meneja akamgeukia dada, "una la kusema?"

Dada aliangalia mikono yake. "Niliona tatu," akasema. "Lakini kama wote mnasema ilikuwa mbili..."

"Usimalizie!" Nilikuwa nimeshasimama. "Aliyoitaja huyu ni mpya. Nimeipakia mimi baada ya ajali. Iliyokuwepo siku ile ni hii hapa." Nikaiweka kompyuta mezani.

"Hiyo umeipika nyumbani kwako," Bosi akasema, kwa upole wa kuudhi. "Mheshimiwa meneja, huyu ni kaka yake. Na baada ya leo si mfanyakazi wangu."

"Si kaka, ni mdogo wangu," dada akasema. Hata pale.

Mlango ukafunguka. Mwalimu hakualikwa, aliingia tu, jasho likimtoka kwa ngazi. "Mimi ndiye niliyeipakia hapa mara ya kwanza," akasema. "Ni hii hii. Nimeileta na ya kwangu, mzilinganishe. Kuna mstari ulifutwa, na aliyeufuta ni huyo mwenye tai."

"Umeshamwaga unga wako, mama," Bosi akamwambia.

"Nitafundisha."

Meneja alikuna shavu. Alikuwa mtu wa sabuni, hakupenda kuletewa ya kompyuta, lakini alikuwa na fundi aliyeungua mbele yake. "Basi tuonyeshe," akaniambia.

Niliiwasha. Upande mmoja wa skrini niliweka kijiprogramu cha kuigiza, kinachoandika kimetuma boila gani; upande wa pili programu yenyewe. Maonyo yakaanza. Nikabonyeza. Ikasema kweli. Nikabonyeza tena. Kweli. Mara hii kweli, mara ile kweli. Nilijua inaweza kuchukua mchana mzima kama ilivyochukua ofisini. Kujua hakukunisaidia. Jasho lilinitiririka hadi kwenye mkanda. Fundi bomba aliacha kuangalia ukuta akaanza kuniangalia mimi, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko ukuta.

"Mbona inasema sawasawa?" meneja akauliza.

"Hitilafu ya namna hii haitokei kila..."

"Haitokei," Bosi akakubali.

Nilibonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu zina maana. Nikasikia kiti kikisogea nyuma yangu.

"Unafanya nini wewe?" dada akauliza.

"Nanyamazisha onyo, nalisoma, naliondoa. Kama inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa na nani? Unabonyeza kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe wake. Hebu toka."

Nikatoka. Akakaa, akapima vitufe kwa vidole. "Kile king'ora kinapasua kichwa," akasema, si kwangu, kwa meza nzima. "Hakuna anayekaa akikisikiliza. Kitufe cha kunyamazisha na cha kuondoa vimekaa pamoja. Sisi tunavipiga hivi." Akavipiga kwa vidole viwili, ta-ta, karibu sauti moja. "Zamu zote. Tangu mlipotuletea."

Nilimwangalia Mwalimu, Mwalimu akaniangalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa kwenye chumba kile wakati king'ora kinalia. Hakuna. Tulikuwa tumebonyeza kistaarabu, kunyamazisha, kunywa chai, kuondoa, na nafasi kati ya kitufe kimoja na kingine ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Ukinyamazisha, uzi wa skrini huanza kuchora onyo upya; ukiliondoa papo hapo, unaukuta katikati ya kuchora. Kwa vidole vya dada ilikuwa imebana kama ufa, na nyuzi mbili zilikuwa zinakaribia kugongana humo kila siku.

Onyo likaja. Ta-ta. Likaja jingine. Ta-ta. Likaja la tatu, na vidole vyake vikasimama hewani.

Upande mmoja kijiprogramu kilikuwa kimeandika: NIMETUMA BOILA 2. Upande wa pili, kwa herufi nyekundu: BOILA 3, PRESHA IMEZIDI.

Dada aliinama akasogeza uso hadi karibu na kioo, akabaki hapo. Kisha akanyoosha mgongo, na niliuona ukinyooka kweli, kama mtu aliyetua gunia.

"Tatu," akasema. Akaigeuza kompyuta, akaisukuma mbele ya meneja. "Wewe unaona ngapi?"

"Mama, hapa tumeshaelewa..."

"Sijauliza kama umeelewa. Unaona ngapi?"

"Tatu," meneja akasema.

Akaisukuma kwa fundi bomba. Yule bwana aliitazama muda mrefu, bandeji ikimzuia kuinamisha shingo. "Tatu," akasema. Halafu akasema, "Mama, kila nikibadilishwa bandeji hii nilikuwa nakulaani wewe. Kwa jina lako kamili."

"Endelea kulaani," dada akamwambia. "Badilisha jina tu."

Meneja alianza kusema habari za leseni, kwamba hakuna atakayeigusa, kwamba yaandikwe upya yaliyoandikwa, na kwamba Bosi abaki baada ya kikao kwa maswali. Dada hakumsikiliza. Alikuwa anazunguka meza na kompyuta yangu mikononi, ameishika kama sinia la moto. Akaiweka mbele ya Bosi, juu ya karatasi zake.

"Soma."

"Mama yangu, mimi nadhani tuzungumze kwa utulivu..."

"Mimi nilikaa kwa utulivu hapo mnaniambia sioni. Nimekwenda kwa daktari anipime kwa utulivu. Soma."

Bosi alimwangalia meneja. Meneja aliangalia dirisha. Bosi akaniangalia mimi, na mimi nilimtolea macho nikitamani akatae, ili nipate sababu. Mwalimu alikuwa amefunga mlango na kuuegemea.

Midomo ya Bosi ilicheza. "Tatu," akasema.

"Sijasikia," dada akasema. "Na huyu mwenye bandeji sikioni hajasikia kabisa. Sema tena."